Mume wangu anataka tumdanganye mama ili twende Ukerewe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igoma hapa Mwanza, nauza mitumba ya watoto pale Mlango Mmoja. Mume wangu ni fundi umeme. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, wanamaliza darasa la saba mwezi wa tisa huu, na tangu wakiwa la tano baba yao aliwaahidi kwamba wakimaliza salama atawapeleka mahali. Hapo "mahali" hapakuwahi kuwa na jina. Sasa siku zimekaribia, na hilo jina ndilo linalotugombanisha.

Watoto wanataka Zanzibar. Binamu zao wa Dar walikwenda mwaka jana, wakatuma picha za vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, na tangu hapo hatulali. Usiku mmoja mimi na baba yao tulikaa na daftari. Mgawo wangu wa kikoba ni laki nane, yeye ana laki tatu na nusu pembeni. Watu sita watoke Mwanza hadi Dar, walale, wapande boti, walale tena, wale, warudi. Hesabu ilitushinda kabla hatujafika Morogoro.

Ndipo mume wangu akaja na Ukerewe. Ana rafiki aliyewahi kupata kazi ya kufunga umeme Nansio, akarudi anasimulia fukwe na hewa. "Maji ni maji," anasema Baba Kulwa, "na mchanga ni mchanga." Watoto wamenuna. Kwa vijana wa Mwanza Ukerewe ni kule dagaa wanakotoka, hakuna anayekwenda huko na miwani ya jua. Kwa hiyo swali langu la kwanza, Shangazi: siku tatu nne kule ni mapumziko kweli, au tutakuwa tumewabeba watoto kwenda kuwaonyesha mihogo?

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni mama.

Mama yangu ana miaka sabini na tatu, anaishi nasi tangu baba alipofariki. Mwaka 1996 kaka yangu mkubwa alikuwa ndani ya MV Bukoba. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kazi yake ilikuwa kufuata ndizi Bukoba na kuja kuziuza hapa. Safari ile alisema angerudi Ijumaa. Akapata mzigo mapema, akapanda meli ya Jumatatu jioni bila mtu nyumbani kujua. Jumanne asubuhi ikazama. Sisi tulisikia redioni kama watu wengine, tukasikitika kama watu wengine, mama akapika, tukala. Ijumaa kaka hakutokea. Jumamosi baba akaanza kuzunguka kumtafuta, na hatukumpata mpaka leo. Mama anaamini amelala hapa hapa Igoma, kwenye yale makaburi ya pamoja, na kila tarehe 21 Mei anakwenda.

Tangu mwaka ule hajakanyaga chombo cha majini. Sangara hali. Nikimpika, mama anachukua sahani yake ya mboga za majani anahamia barazani, harudi ndani mpaka harufu iishe. Zamani, msiba ukitokea Sengerema, yeye alikuwa anazunguka Shinyanga, Kahama, Geita, siku nzima barabarani, na wenzake wamevushwa na kivuko wameshafika wanakunywa uji. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 alivuka mara moja kwa gari. Alifumba macho kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho, mkono wake umekamata wangu.

MV Nyerere ilipopinduka mwaka 2018 ndiyo akafunga mlango kabisa. "Ziwa limeshakula kwangu," huwa anasema. "Halitakula tena."

Sasa suluhisho la mume wangu ni hili: tumwambie mama tunakwenda Bunda, kwa shangazi yake Baba Kulwa, kuna harusi. Eti si uongo sana, maana Bunda tutapita kweli. Tunatoka Bunda hadi Kisorya, tunavuka kivuko mpaka Rugezi, tumeingia kisiwani. Mama atabaki na mdogo wangu. Tukirudi watoto watasimulia, atakasirika wiki moja, yataisha. Ameshawaambia mapacha wakae kimya, na Doto, ambaye kukaa kimya hajui, ameshaanza kuchekacheka mbele ya bibi yake.

Nikimwambia mama ukweli, najua atagoma kula. Nikimdanganya, sijui nitamtazamaje. Na kuna jingine ambalo hata mume wangu halijui: mimi mwenyewe naogopa. Nimezaliwa Mwanza, nina miaka thelathini na tisa, sijawahi kupanda chombo chochote. Yeye anadhani niliwahi kwenda Bukoba nikiwa shuleni, na mimi sijawahi kumsahihisha.

Nisaidie, Shangazi.

Mama Kulwa, Igoma

*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kaka.

Kuna maneno manne uliyaandika kwa kupita tu: "bila mtu nyumbani kujua". Nimeyarudia mara tatu. Siku ile ya Jumanne mama yako alisikia habari redioni, akawaonea huruma watoto wa wenzake, akawasha jiko akapika. Na mwanawe alikuwa humo. Wengi wa Mwanza, Bukoba na Kemondo walipatwa hivyohivyo. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana mpaka leo watu hutaja zaidi ya mia nane waliokufa na bado wanabishana juu ya hesabu yenyewe. Mama yako aliibiwa mwana, halafu akaibiwa na zile siku tatu ambazo alipaswa kuwa analia na badala yake alikuwa anamsubiri.

Sasa Baba Kulwa anataka kuwapandisha watu sita kwenye kivuko, na bibi yao aamini wako harusini Bunda. Mimi simwoni kuwa mtu mbaya. Mafundi umeme ndivyo walivyo, wakikuta waya una hitilafu wanatafuta njia ya kuuzunguka. Ila huu hauzungukwi. Hata kivuko kisitikisike, hata mrudi na vicheko, siku Doto atakapofungua mdomo mama yako hatasikia "tulikwenda Ukerewe". Atasikia kwamba kumbe watu wangu wanaweza kuwa majini na mimi nisijue. Mara ya pili. Hiyo hasira ya wiki moja sijui mumeo aliipima kwa kipimo gani.

Tena uongo wenyewe una tundu. Upepo ukivuma, kivuko kikisimama, mkachelewa nusu siku Kisorya na simu zimeisha chaji, mama atampigia nani? Atampigia huyo shangazi wa Bunda. Naye atajibu nini?

Kwa hiyo hilo la kudanganya liondoe mezani leo, kabla ya chakula cha jioni, na mapacha waambiwe siri imefutwa. Usiwafundishe kumficha bibi yao mambo.

Sasa nimsifu mumeo kidogo, maana njia aliyoichagua ndiyo hasa ningeichagua mimi kwa familia yenu. Wengi wakisema Ukerewe wanafikiria meli ya kutoka Bandari ya Kaskazini hapa mjini hadi Nansio, mwendo wa saa tatu na zaidi juu ya maji. Ni safari nzuri kwa mtu asiye na historia ya nyumba yenu. Nyinyi pandeni basi Nyamhongolo alfajiri, njia ya Magu na Lamadi. Kabla ya Bunda waambie watoto wakae upande wa kulia, kwa sababu barabara inapita ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti, na lango la Ndabaka liko palepale kando ya lami. Siahidi nyumbu, nimewahi kupita pale nikaambulia nyani watatu na trafiki mmoja. Kutoka Bunda mnakata kushoto kwenda Kisorya, na pale majini ng'ambo unaiona kwa macho, mahali uliposimama. Kivuko kinakuvusha hata saa moja haiishi.

Nataka ufike Kisorya mchana kweupe. Uliza mapema, Bunda au kwa rafiki yake mumeo, ni siku gani kuna gulio upande wowote, na siku hiyo msivuke. MV Nyerere ilipinduka Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, ikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara siku ya gulio. Chombo cha abiria 101 kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na magunia yao, na kilipinduka kikiwa kimeshalikaribia gati la Ukara. Watu 228 walikufa wakiwa wanaiona nchi kavu. Sikuandikii haya kukutisha. Nakupa kitu cha kufanya na woga wako. Mkifika gatini, tazama watu na mizigo. Ukiona pamebanana, mnakaa chini ya mti mnakula viazi, mnasubiri kingine. Hakuna harusi inayowasubiri, si tumeshaifuta?

Kwenye kivuko kila mtu ashuke garini, hata dereva akisema kaeni tu. Ulizia jaketi okozi ziko wapi kabla hamjaondoka, usione haya, na umvalishe mtoto wako wa mwisho hata kama wenyeji watatabasamu. Simameni karibu na uwazi. Kikikaribia gati, watu wote watakimbilia upande wa kushukia, nyinyi bakini mlipo. Mtashuka wa mwisho, na kisiwa kitakuwa bado kipo.

Kuhusu mihogo: ndiyo, mtaiona mihogo. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na barani Afrika hakuna kisiwa cha ziwani kinachokishinda ukubwa, kwa hiyo usitegemee kidoti chenye minazi na viti vya kulalia. Ni nchi nzima ya vijiji, mawe makubwa, michungwa, baiskeli na watu wanaolima mpaka ukingoni mwa maji. Nansio ni mji mdogo, gesti zake ni za kawaida. Pigeni simu kabla, mpate vyumba viwili vinavyoangaliana. Chandarua kiwepo, na kama hakipo bebeni chenu, malaria ya huku ukanda wa ziwa unaijua mwenyewe. Anayetaka kupokelewa na ngoma na juisi yenye mwavuli atachukia. Mimi nilikwenda mara ya kwanza kwa msiba, nikabaki siku mbili zaidi kwa hiari yangu.

Kilichonibakiza ni mwalo. Niliamka saa kumi na moja na nusu, kukiwa na kiza bado, nikafuata sauti za watu. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inaingia mmoja mmoja, taa zimeshazimwa, vijana wamelowa mpaka kifuani wanashusha ndoo. Kina mama walikuwa wameshatandika nyavu mchangani. Dagaa wanamwagwa wangali wanarukaruka, fedha tupu, na ndani ya dakika chache ufuko wote unang'aa kama bati jipya. Mama mmoja akanikabidhi fagio la vijiti bila kuniuliza jina, akaniambia nitawanye, nisirundike, wasije wakaoza chini. Nilifanya kazi ile saa nzima na nguo zangu za msibani. Mwaka gani tena mapacha wako, ambao dagaa wanawajua kwenye kopo la soko la Igoma, watawageuza kwa mikono yao?

Zaidi ya hapo kuna kilima cha Handebezyo, mnapanda wote hata wa mwisho, juu mnaliona ziwa na visiwa vidogo vimetapakaa. Kuna Bukindo, iliko nyumba ya watemi wa Ukerewe. Kodini baiskeli siku moja nzima, hilo kwa watoto wa miaka kumi na mitatu linatosha kuwa likizo. Ukara, penye lile jiwe linalocheza na wakulima wanaofuga ng'ombe ndani na kurutubisha shamba kwa samadi tangu enzi za mababu, kiacheni. Ni kivuko cha pili, tena ndiyo njia ya MV Nyerere. Mwaka huu kimoja kinatosha.

Na waambie watoto hili kuhusu Zanzibar, kama faraja: nako hakuendwi kwa miguu. Wangetoka Mwanza zaidi ya kilomita elfu moja mia moja hadi Dar, halafu bado bahari iko mbele yao, na bibi yao bado yuko nyumbani na maneno yake.

Kuoga ziwani. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hukuniuliza, na ndilo linalonipa wasiwasi kuliko kivuko. Kichocho kipo ziwani, na visiwani kipo sana. Wadudu wake wanatoka kwa konokono wadogo wanaopenda maji tulivu ya pembezoni, penye matete na majani, na wanapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, mtu hahisi kitu. Maji yanaweza kuwa meupe unaona vidole vya miguu, na wamo. Kujifuta haraka kwa taulo kusikudanganye. Lakini pia siwezi kukuambia uwaketishe watoto wanne ufukweni siku tatu wasilowe. Watalowa. Basi tafuteni ufuko wa mchanga ulio wazi, wenye mawimbi, usio na matete, na kabla mtoto hajavua kandambili waulizeni wavuvi wa palepale kuhusu mamba na viboko. Wavuvi hawadanganyi katika hilo. Baba yao asimame majini upande wa kina, watoto wabaki kati yake na nchi kavu. Wasichezee pale kina mama wanapofulia. Maji ya kuogea gesti, kama yanachotwa ziwani, yawe yamekaa angalau siku mbili kwenye pipa, au yachemshwe.

Mkirudi, weka alama kwenye kalenda wiki sita hadi nane mbele, uwapeleke wote kituo cha afya wakapime, nanyi wawili pia. Usiwanyweshe dawa siku mnayorudi ukadhani umemaliza. Praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, wale wachanga inawaacha. Na zile dawa walizomeza shuleni hazizuii kuambukizwa upya.

Pesa sina maneno mengi. Laki kumi na moja na nusu kwa Ukerewe zinatosha na zinabaki, mradi msizimalize kwa sababu tu zipo. Januari mapacha wanaingia kidato cha kwanza, na pacha maana yake kila kitu ni viwili: sare mbili, viatu viwili, mabegi mawili. Tenga hizo kwanza.

Sasa mama.

Usimwite mbele ya mumeo, na usilipeleke jambo hili kama taarifa ya kamati. Mngoje pale barazani, saa anayopenda kukaa. Mwambie ulivyo: "Mama, Baba Kulwa anataka kuwapeleka watoto Ukerewe kwa njia ya Bunda na Kisorya. Kuna kivuko kifupi pale. Hatujakata tiketi. Nimekuja kwako kwanza." Kisha nyamaza. Atasema lile la ziwa kula kwake. Mwache aseme mpaka mwisho. Halafu muulize kuhusu kaka. Usiulize kuhusu meli. Uliza alipokuwa anasafiri alikuwa anaaga vipi, alikuwa anamletea nini kutoka Bukoba. Nina wasiwasi kwamba katika nyumba yenu, miaka yote hii, kaka yako ametajwa kila tarehe 21 Mei tu, na hata hapo kwa majina ya meli.

Mapacha wanajua wana mjomba pale makaburini? Wanajua alikuwa mchuuzi wa ndizi? Kama hawajui, kabla ya safari yoyote mwende na mama yako makaburini, nyote, Jumapili moja ya kawaida isiyo na kumbukumbu wala viongozi. Awaonyeshe yeye.

Je, akikataa? Nitakuambia ninavyoamini, na wengine watanipinga. Mama yako ana haki ya kujua, tena kujua yote: siku, saa, jina la kivuko, nani kakaa na nani. Haki ya kukuzuia hana. Wewe ni mama wa watoto wanne, na ukiuachia woga wake, na wako ukauongeza juu, Doto naye atafika miaka thelathini na tisa hapo Mwanza hajawahi kuvuka maji. Lakini akigoma kula kweli, siku ya pili, ya tatu, usishindane na mzee wa miaka sabini na tatu kwa ajili ya likizo. Geuzeni safari iwe Musoma. Basi lilelile la Nyamhongolo, mnapita Bunda mnanyoosha, ziwa ni lilelile na hakuna chombo cha kupanda. Butiama iko karibu, watoto wakaone makumbusho ya Mwalimu na kaburi lake. Na huko hata yeye mwenyewe anaweza kuja. Mwambie hivyo.

Ila mimi nadhani hatakataa moja kwa moja. Mtu aliyekata tamaa na ziwa asingekubali lile daraja la Busisi, angeendelea kuzunguka Kahama. Alivuka. Macho alifumba, ndiyo, lakini mkono aliukamata wako.

Limebaki la kwako. Mwambie mumeo kwamba hujawahi kwenda Bukoba. Mwambie wiki hii. Mtu anayejua uko sawa atakuacha gatini na mizigo akakimbilia tiketi. Anayejua unatetemeka atasimama ubavuni mwako. Halafu kabla ya Septemba nendeni Saanane, wewe na yeye, hata watoto msiwachukue. Ni hifadhi ya taifa iliyo mbele ya macho yenu, boti kutoka mjini haimalizi robo saa. Ukikaa vizuri, mnapanda mawe, mnaangalia pimbi, mnarudi. Ukitapika, umetapika mbele ya mumeo peke yake. Na siku hiyo pia mama ajue mmekwenda wapi.

Kuhusu tarehe, mwisho wa Septemba ni vizuri, watoto wameshafanya mtihani na mvua za vuli hazijachanganya. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla, wanatoa na wa ziwa. Na mtazame mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani, mwezi mpevu ukitoka wanapumzika wanashona nyavu. Chagueni wiki ya giza, mkae nje usiku upande wa ziwani, mtaona taa za mitumbwi zimejipanga majini mpaka mtoto wa mwisho aulize ule ni mji gani.

Mkivuka, mtu wa kwanza kushuka Rugezi ampigie bibi, hata picha zisipigwe bado. Simu mpe Doto, si ndiye asiyejua kukaa kimya?